Wazazi Wasiotoka Chuoni

Mwaka 1899, kijana Douglas MacArthur, ambaye baadaye alikuja kuwa jemadari mashuhuri wa Marekani, alipoingia katika chuo cha kijeshi cha West Point, kando ya mto Hudson, hakwenda peke yake. Mama yake, Bibi Mary Pinkney MacArthur, ambaye mumewe wakati huo alikuwa vitani Ufilipino, alifunga mizigo akamfuata, akapanga katika hoteli ya Craney iliyokuwa pembezoni mwa viwanja vya chuo, akakaa humo takriban muda wote wa miaka minne ya masomo ya mwanawe. Husimuliwa kwamba usiku aliweza kuitazama taa ya chumba cha kijana na kujua kama anasoma au amelala. Kijana alihitimu mwaka 1903 akiwa wa kwanza katika darasa lake, wala mama hakuona kwamba kazi yake imekwisha: mwaka 1918, mwanawe akiwa na umri wa miaka 38 na akiwa katika mapigano nchini Ufaransa, alimwandikia barua Waziri wa Vita, na nyingine akamwandikia Jenerali Pershing, amiri wa majeshi yote ya Marekani huko Ulaya, akiwasihi wampandishe cheo.

Katika zama hizo hizo Bibi Sara Roosevelt, alipofiwa na mumewe Desemba 1900, alipanga nyumba mjini Boston ili apate kuwa karibu na mwanawe wa pekee, Franklin, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza masomo Harvard. Kijana huyo alipokwisha kuoa, mama alijenga mjini New York nyumba mbili pacha, moja yake na moja ya mwanawe, akaziunganisha kwa milango ya ndani. Na mkwewe, Eleanor, ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake jinsi alivyoketi siku moja, majuma machache baada ya kuhamia, akalia machozi kwa kujiona anakaa katika nyumba isiyokuwa yake hata kidogo.

Nimeanza na akina mama hawa wawili kwa makusudi. Kwanza, ili msomaji asidhani kwamba mzazi asiyeweza kumwachia mtoto mzima nafasi ya kutenda mambo yake ni kiumbe kilichozaliwa pamoja na simu ya mkononi. Pili, kwa sababu wana wao walifika mbali mno, mmoja akawa jemadari na mwingine akachaguliwa kuwa Rais mara nne, na mtetezi wa malezi ya namna hiyo angeweza kutuambia: tazameni matunda yake. Hoja hiyo ina kasoro iliyo dhahiri, nayo ni kwamba tarehe hutunza majina ya waliofaulu tu, wala hakuna daftari lililoandikwa la vijana ambao mama zao walihamia karibu na chuo nao wasiwe kitu. Lakini hata tukiiacha hoja hiyo ilivyo, kuna tofauti moja kubwa kati ya wakati ule na wakati huu: wakati ule desturi hiyo ilikuwa anasa ya wachache wenye mali na nafasi, leo imekuwa mwenendo wa tabaka zima la watu, hata vyuo vingi vya Marekani vimelazimika kuwa na ofisi maalumu za kuwahudumia wazazi, na vingine vimetunga sherehe za kuwaondosha. Chuo cha Morehouse, mjini Atlanta, alikosoma Martin Luther King, kina desturi ya kuwaaga wazazi rasmi mwanzoni mwa mwaka, wanafunzi wapya wakiwa ndani na wazazi wakiwa nje, kisha malango ya chuo hufungwa.

Wamarekani wamewaita wazazi hawa wazazi wa helikopta, kwa kuwa huzunguka juu ya kichwa cha mtoto kama ndege ile, isiyotua wala isiyokwenda zake. Mfano huo ulitokea mwaka 1969 katika kitabu cha mwanasaikolojia Haim Ginott juu ya wazazi na vijana, pale kijana mmoja alipomlalamikia mama yake kwa maneno hayo. Na mwaka 1990 Foster Cline na Jim Fay, katika kitabu chao cha malezi, wakalifanya kuwa jina la aina ya wazazi. Waliokusudiwa wakati huo walikuwa wazazi wa watoto wadogo, wale wanaokimbilia shuleni na daftari au chakula alichosahau mtoto. Miaka kumi haikupita sana, watoto wale wakawa wamefika vyuoni, na wazazi wao wakaja nyuma yao.

Huko vyuoni hufanya nini? Bibi Julie Lythcott-Haims, aliyekuwa kwa miaka kadhaa mlezi mkuu wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliona mambo ya kutosha hata akayaandikia kitabu kizima mwaka 2015, na habari zinazosimuliwa na watumishi wa vyuo vingine hazitofautiani na zake: mzazi anayemchagulia mtoto masomo ya muhula, mzazi anayempigia simu kila asubuhi ili asichelewe darasani, mzazi anayemwandikia mwalimu kutaka maksi ziongezwe, mzazi anayeingilia ugomvi wa vijana wawili wanaolala chumba kimoja juu ya nani azime taa na saa ngapi. Mwanasaikolojia Barbara Hofer, wa Chuo cha Middlebury, alipowauliza wanafunzi wa chuo chake na wa Chuo Kikuu cha Michigan, aligundua kwamba kwa wastani waliwasiliana na wazazi wao zaidi ya mara 13 kwa juma, na kwamba miongoni mwao walikuwapo wanaowapelekea wazazi insha zao ili zisahihishwe kabla hazijafika kwa mwalimu. Wala mambo hayaishii siku ya mahafali. Chuo Kikuu cha Michigan State kilipowauliza waajiri mwaka 2007, walikuwamo waliokwisha kukutana na wazazi wanaoleta maombi ya kazi kwa niaba ya watoto wao, wanaolalamika mtoto anapokosa nafasi, wanaojadili mshahara, na hata wachache waliohudhuria usaili. Mtu huwaza, kama mwajiri aliuliza swali gumu, ni nani kati ya wawili wale aliyejibu.

Ili kuujua ugeni wa jambo hili, hatuna budi kurudi nyuma katika sheria za Marekani, maana kwa miaka mingi huko chuo chenyewe ndicho kilichohesabiwa kuwa mzazi. Mwaka 1913 mahakama ya rufaa ya Kentucky ilisikiliza madai ya mwenye mkahawa mmoja, Bwana Gott, ambaye biashara yake ilikuwa mkabala na Chuo cha Berea, na ambaye mapato yake yalianguka ghafla baada ya chuo kuwakataza wanafunzi kula katika mikahawa ya nje, na atakayeasi afukuzwe. Mahakimu walimjibu kwamba chuo kimesimama mahali pa wazazi. Na kama vile baba awezavyo kumkataza mwanawe kuingia mkahawa fulani pasipo kuulizwa na mtu, ndivyo chuo nacho kiwezavyo. Kwa nguvu ya hukumu kama hiyo vyuo viliamua saa ya mabinti kurejea bwenini, nani azuru na nani asizuru, na mwanafunzi aliyefukuzwa hakuwa na pa kupeleka shauri lake. Mzazi aliyekuwa nyumbani hakuwa na haja ya kuzungukazunguka, kwani alikuwa na naibu.

Mamlaka hayo yalivunjwa na vijana weusi. Februari 1960, wanafunzi wa Chuo cha Alabama State, mjini Montgomery, waliingia katika mkahawa uliokuwa ndani ya jengo la mahakama na ambao ulikuwa wa wazungu peke yao, wakaomba kuhudumiwa; wakuu wa jimbo wakaghadhibika, na baadhi ya vijana hao wakafukuzwa chuoni bila hata ya kuitwa na kuulizwa. Walishtaki, na mwaka 1961 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua, katika kesi yao iliyoitwa kesi ya Dixon, kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi pasipo kumjulisha kosa lake na kumpa nafasi ya kujitetea. Tangu hapo ule ubaba wa vyuo ulianza kubomoka. Mwaka 1971, vita vya Vietnam vikiendelea na watu wakiuliza ni haki gani kijana atumwe kufa kwa ajili ya nchi ambayo haruhusiwi kuipigia kura, katiba ilirekebishwa na umri wa kupiga kura ukashushwa kutoka miaka 21 hadi 18. Na mwaka 1974 ikapitishwa sheria ambayo kwayo haki ya kuona kumbukumbu za masomo humtoka mzazi na kumwendea mwanafunzi mwenyewe pindi atimizapo miaka 18, au aingiapo chuo cha juu hata kama umri huo hajautimiza. Mzazi huweza kuonyeshwa kwa idhini ya mwanafunzi. Chuo kikipenda chaweza kumwonyesha mzazi ambaye mwanafunzi huyo bado anahesabiwa chini yake katika kodi ya mapato. Na ipo ruhusa nyingine panapotokea hatari ya afya au ya uhai. Nje ya hapo, kwa kawaida msajili hufunga mdomo.

Sheria hii imewashangaza wazazi wengi wa kwetu walio na watoto Marekani. Mtu yuko Dar es Salaam au Mombasa, ameuza kiwanja, anapeleka ada benki kila muhula kwa dola alizozitafuta kwa jasho, kisha akiandika kuuliza maendeleo ya kijana hujibiwa kwa adabu nyingi kwamba amuulize kijana. Huona kama amedhulumiwa. Lakini wa kudhulumiwa hapo ni nani, ikiwa cheti kitakachotolewa kitaandikwa jina la mtoto, na mtihani ukianguka atakayeanguka ni yeye?

Ajabu ya mambo ni kwamba mwanafunzi wa Marekani aliachiliwa huru na sheria ilhali fedha na simu zilikuwa zikielekea kumrudisha chini ya mzazi. Chuo kilipoacha kuwa baba, baba mwenyewe alikuja. Richard Mullendore, wa Chuo Kikuu cha Georgia, aliiita simu ya mkononi kitovu kirefu kuliko vyote duniani, na ni kweli kwamba kijana wa mwaka 1960 aliyetaka kuongea na nyumbani alingoja foleni mbele ya simu moja ya bweni, akaongea dakika chache siku ya Jumapili, na kwa siku sita nyingine alilazimika kuyamaliza mambo yake mwenyewe, mengi ya hayo yakiwa yamekwisha isha kabla Jumapili haijafika.

Walakini simu ni chombo tu. Swali ni kwa nini mzazi anaitumia hivyo. Jawabu jepesi, na ambalo wazee hulipenda, ni kwamba wazazi wa siku hizi wamekuwa laini na watoto wao wamedekezwa. Mimi siliamini jawabu hilo, kwani nionavyo mzazi huyu si mlegevu hata kidogo. Ni mtu mwenye khofu, na khofu yake ina hesabu ndani yake. Wachumi Matthias Doepke na Fabrizio Zilibotti, katika kitabu walichokitoa mwaka 2019, wameeleza kwamba mahali ambapo tofauti ya kipato kati ya waliosoma sana na waliosoma kidogo ni pana, wazazi hukaza kamba. Na mahali ambapo tofauti hiyo ni ndogo, kama Uswidi, wazazi hulegeza, kwa kuwa mtoto akipotea njia hataanguka mbali. Katika miaka ya 1970 tofauti hiyo ilikuwa ndogo Marekani kuliko ilivyo leo, na watoto waliachwa wakicheza nje mpaka magharibi. Tangu miaka ya 1980 imezidi kupanuka, na uhuru wa watoto umezidi kupungua pamoja nayo. Wachumi wengine wawili, Garey na Valerie Ramey, walionyesha mwaka 2010 kwamba saa ambazo wazazi waliosoma hutumia kwa watoto wao ziliongezeka sana tangu miaka ya 1990, wakalihusisha ongezeko hilo na mashindano ya kuingia katika vyuo vyenye sifa. Chuo kama Stanford hupokea watu wasiofika watano katika kila mia wanaoomba. Karo ya masomo peke yake ya Harvard, bila chakula wala malazi, imekwisha kupita dola 50,000 kwa mwaka, ingawa wenye kipato kidogo hupewa msaada mkubwa. Mtu aliyelipa kiasi hicho kwa mtoto mmoja au wawili alionao, ukimwambia akae kando atazame, atakuona huna akili.

Wala Wamarekani si peke yao. Uchina, ambako kwa zaidi ya miaka thelathini sheria iliziruhusu familia nyingi kuzaa mtoto mmoja tu, Chuo Kikuu cha Tianjin kilianza mwaka 2012 kuwasimamishia wazazi mahema katika ukumbi wa michezo, ili waliowasindikiza watoto wa mwaka wa kwanza wapate pa kulala. Wengine husafiri siku mbili kwa treni. Sitaki kuwacheka, mwenye yai moja hulitembeza kwa mikono miwili.

Mahali khofu hiyo inapoweza kumfikisha mtu palidhihirika tarehe 12 Machi 2019, waendesha mashtaka wa serikali mjini Boston walipowashtaki watu 50, na 33 kati yao walikuwa wazazi. Katikati ya shauri hilo alikuwapo mtu mmoja wa California, William Singer, aliyejiita mshauri wa maombi ya vyuo, ambaye kwa muda wa miaka saba au minane alipokea takriban dola milioni 25 kutoka kwa wazazi, akazitumia kuhonga makocha wa michezo na wasimamizi wa mitihani. Mtoto ambaye hakupata kushika kasia aliandikwa kuwa mwanamichezo hodari wa mbio za mashua. Majibu ya mtihani wa kuingilia chuo yalisahihishwa baada ya mtoto kutoka chumbani. Mwigizaji Lori Loughlin na mumewe walilipa dola 500,000 ili binti zao wawili waingie Chuo Kikuu cha Southern California kwa hila ya mashua, wakafungwa mwaka 2020, mke miezi miwili na mume mitano. Singer mwenyewe alihukumiwa mwaka 2023 kifungo cha miaka mitatu na nusu.

Aliyenigusa zaidi ni mwigizaji mwingine, Felicity Huffman, aliyelipa dola 15,000, kiasi kidogo kikilinganishwa na walichotoa wenzake, ili maksi za binti yake ziongezwe, naye akahukumiwa siku 14 za kifungo. Binti hakuwa na habari ya jambo hilo. Mama alimweleza hakimu kwamba mtoto alipojua alimwuliza kwa nini hakuwa na imani naye, na kwa nini hakudhani kwamba angeweza peke yake. Na mama hakuwa na la kumjibu. Mimi naona kwamba katika shauri zima, lenye mawakili wasiohesabika na maelfu ya kurasa, hakuna aliyelitaja kosa kwa usahihi kuliko binti huyo. Hongo ilikuwa kosa juu ya chuo na juu ya kila mwombaji aliyekosa nafasi kwa haki. Lakini kabla ya hongo palikuwa na hukumu ambayo mzazi aliipitisha kimya moyoni mwake, kwamba mtoto huyu hatoshi. Na hukumu hiyo hiyo, bila jinai yoyote na kwa mapenzi matupu, ndiyo iliyo ndani ya insha inayoandikwa upya na baba usiku wa manane na ndani ya barua ya mama kwa mwalimu.

Je, madhara yake yamethibitishwa? Holly Schiffrin na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Mary Washington huko Virginia, walichapisha mwaka 2014 uchunguzi walioufanya kwa wanafunzi 297, wakaona kwamba wale waliosema wazazi wao huwatawala kupita kiasi walikuwa na sononi zaidi na kuridhika kidogo na maisha yao, na kwamba kiungo cha mambo hayo kilikuwa kupungukiwa na hisia ya kujiamulia na ya kujiweza. Tafiti nyingine kadhaa zimeelekea huko huko. Lakini msomaji mwenye hadhari atauliza lililotangulia ni lipi: yawezekana mzazi humwandama mtoto kwa sababu amekwisha kumwona ana huzuni. Tena Karen Fingerman, wa Chuo Kikuu cha Texas, na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba vijana wazima waliopata msaada mwingi kutoka kwa wazazi, wa fedha, wa shauri na wa kusikilizwa, mara kadhaa kwa juma, walikuwa na malengo yaliyo wazi zaidi na waliridhika na maisha kuliko wasiopata.

Baadhi ya waandishi huzichukua habari hizi mbili kuwa zinapingana. Kwa maoni yangu zinakubaliana, ila zimepima vitu viwili. Msaada ni kumpa mtu auni katika jambo ambalo amelishika yeye. Kutawala ni kulitwaa jambo mkononi mwake ukalifanya wewe. Mama anayeongea na bintiye kila siku saa moja, akamsikiliza kilio chake juu ya mwalimu mkali, akamwambia pole, kisha akakata simu, hajamdhuru kwa lolote. Na baba anayepiga simu mara moja tu kwa mwaka, lakini mara hiyo moja akampigia mkuu wa idara ili tarehe ya kazi iahirishwe, amemnyang'anya mwanawe kitu. Kuhesabu idadi ya simu, kama walivyofanya watu wengi, ni kupima urefu wa kitambaa kwa mizani.

Na kwetu sisi? Yapo mambo ya Marekani ambayo hayatuhusu, na katika haya baadhi hayatuhusu. Mwanafunzi ambaye wengi wanamfahamu huku ni yule aliyepanda basi alfajiri kutoka Kigoma au Turkana, wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo wake, na mzazi wake hajui mlango wa ofisi ya usajili uko upande gani, seuze kumpigia simu mkuu wa kitivo. Mtoto huyo haandamwi na mtu. Taabu yake ni kwamba angali hajapata mshahara wa kwanza na tayari ada za wadogo zake zinamngojea. Ambapo mkono wa mzazi wa kwetu huwa mzito ni kabla ya chuo, siku ya kujaza fomu ya kozi, pale baba ambaye hajapata kumwuliza mtoto anapenda nini hutamka udaktari, au sheria, au uhandisi, na shauri likawa limekwisha. Matokeo yake walimu wa vyuo wanayajua: kijana wa mwaka wa pili anayerudia mtihani wa somo ambalo hakulichagua, na ambaye hathubutu kuandika barua ya kuhama kozi kwa kuwa nyumbani kumekwisha tangazwa kwa majirani kwamba huyu ni daktari.

Lakini katika miji yetu mikubwa limezuka tabaka la wazazi ambao wana kila sababu ya kuogopa kama wale wa Marekani: wamesoma, wana watoto wawili au watatu, wamelipa shule za binafsi tangu chekechea, na wanajua vizuri kwamba shahada peke yake haimpi mtu kazi tena. Hawa nao wameanza. Wanamfuata mtoto hosteli kila mwisho wa juma na mabakuli ya pilau, jambo ambalo silioni kuwa na ubaya. Wanamjazia maombi ya mkopo wa elimu ya juu na nywila yake wanaishika wao, jambo ambalo naliona. Na ajabu yao inazidi ajabu ya Wamarekani, kwani wengi wa watoto hao walipelekwa bweni wakiwa na umri wa miaka sita au saba, wakalelewa na matroni, wakawa wanaonana na wazazi wakati wa likizo. Jambo hilo lilikuwa limeenea Tanzania kiasi kwamba mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mtoto ameachwa wakati alipohitaji kushikwa mkono, na anashikwa mkono wakati ambapo angepaswa kuachwa. Ikiwa mzazi anadhani kwamba anaweza kulilipa deni lile la utotoni kwa kumsimamia kijana wa miaka 21, anajidanganya. Deni hilo hulipwa kwa mazungumzo, si kwa usimamizi.

Nisieleweke kwamba mzazi hana nafasi kabisa. Mtoto akiugua mwili au akili, mzazi asingoje kuitwa. Binti akimwambia kwamba mwalimu anamtaka kimapenzi ili ampe maksi, hilo si jambo la kumwambia akalimalize mwenyewe. Ni jinai, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 imeitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, basi mzazi asimame naye mpaka mwisho wa shauri, lakini hata hapo ushahidi utatolewa na binti na uamuzi wa kushtaki utakuwa wake. Mambo hayo hayafanani na kozi iliyogongana na nyingine katika ratiba, wala na chumba chenye joto, wala na maksi 58 ambazo kijana alitaraji ziwe 65.

Katika mambo ya namna hii ya pili, ewe mzazi mwenye mtoto anayeanza chuo mwaka huu, simu itakapolia usiku na sauti ya mwanao ikasikika imejaa kilio kwamba jina lake halimo katika orodha ya usajili, msikilize mpaka amalize. Kisha usimpigie mtu yeyote. Muulize amekwenda ofisi ipi, ameonana na nani, na ameambiwa alete nini. Na ikiwa hajakwenda popote, mwambie aende kesho asubuhi ofisi ikifunguliwa, avae vizuri, achukue vyeti vyake vyote na nakala zake, akifika aulize jina la anayemhudumia na aliandike, kisha jioni akupigie akueleze ilivyokuwa.